Niliitoboa Silanga ya Lafey

Mimi ndiye niliyeitoboa silanga. Natanguliza neno hili ili msomaji asitafute mkosaji mwingine katika habari ninayotaka kueleza. Hawakuwa ngamia, halikuwa jua, wala hakuwa dereva wa tingatinga. Ni mimi, mtoto wa Lafey, niliyerudi nyumbani na cheti cha kilimo, wazee wakaniamini, wakanikabidhi kazi ya maji.

Lafey iko katika Kaunti ya Mandera, kwenye barabara ya mpakani itokayo El Wak kwenda mji wa Mandera. Mvua yetu ni kama milimita 250 kwa mwaka, nayo huja kwa misimu miwili: gu, kati ya Machi na Mei, na deyr, kati ya Oktoba na Disemba. Baada ya deyr huingia jilaal, kiangazi kikali. Mfugaji huvuka jilaal kwa maji aliyoyaweka, na mahali pa kuyaweka ni silanga, bwawa lililochimbwa bondeni kukinga maji ya mvua.

Silanga yetu ilichimbwa zamani kwa majembe na sururu, na kina chake kilipita kimo cha mtu kwa kidogo tu. Mwaka 2019 ilikubaliwa iongezwe kina. Hesabu niliyowapigia wazee ilikuwa sawa: jua la huku linaweza kuvukiza zaidi ya milimita 2,000 za maji kwa mwaka, kwa hiyo bwawa pana lenye kina kifupi hupoteza maji mengi kuliko bwawa lenye kina kirefu. Hapo sikukosea. Nilikosea kwa kutojiuliza chini kuna nini.

Siku ya pili ya kazi, rangi ya udongo ilibadilika. Hadi kama mita mbili tulikuwa tumechimba udongo wa kijivu uliokolea, mzito, unaonata kwenye viatu. Sisi Wasomali huuita dhoobo. Chini yake ukaja udongo mweupe-mweupe, wenye mabonge ya chokaa, unaovunjika ukiuminya. Mzee mmoja aliyekuwa ameketi ukingoni akasimama, akanijia. Kwetu mzee na kijana huitana adeer, yaani ami.

"Adeer, udongo umegeuka rangi. Simamisha mashine."

"Hii ni chokaa, adeer," nikamjibu. "Chokaa ni jiwe. Maji hayapiti jiwe."

Alinitazama, hakuongeza neno. Mashine ilikuwa ya kukodi, tukiilipia kwa saa, na mimi nilitaka kina nilichoahidi. Nikamwashiria dereva aendelee. Tukashuka karibu mita moja na nusu zaidi.

Jibu lile linaniuma kuliko yote, kwa sababu nilikuwa nimesomeshwa kinyume chake. Miamba mingi ya Mandera ni mawe ya chokaa yaliyotuama chini ya bahari katika kipindi cha Jurasiki, zaidi ya miaka milioni 145 iliyopita. Jiwe la chokaa lina adui mmoja mkubwa, nalo ni mvua. Maji ya mvua huchanganyika na hewa ya kaboni dioksidi yakawa asidi hafifu, na asidi hiyo huyeyusha chokaa polepole, ikipanua kila ufa na kila tundu. Hiyo ni mojawapo ya njia ambazo mwamba hutumia kugeuka udongo. Niliiandika katika mtihani nikapata alama zake. Kisha nikasimama juu ya chokaa yenyewe, nikasema maji hayapiti.

Na ile dhoobo niliyoiondoa ilikuwa nini? Punje ya mchanga huweza kufikia milimita 2, lakini punje ya udongo wa mfinyanzi haifiki milimita 0.002. Mwamba unapovunjikavunjika kwa joto, baridi, maji na mizizi, chembe hizo ndogo kabisa huchukuliwa na maji ya mvua, zikaenda kutuama mahali pa chini. Zikilowa huvimba na kubanana. Kwato za mbuzi na ngamia nazo hukanyaga tope lile mwaka baada ya mwaka, likashikana kama sakafu. Sakafu hiyo ndiyo iliyoyashika maji. Udongo wa sentimita moja huchukua mamia ya miaka kujengeka, na katika nchi kavu huchukua zaidi. Mimi niliung'oa kwa siku mbili.

Nimejiuliza mara nyingi kwa nini sikuona. Nilisomea nyanda za juu karibu na Nairobi, kwenye udongo mwekundu uliotokana na miamba ya volkano. Tuliingizwa katika shimo la mafunzo lenye kina cha mita kadhaa, na ukuta wake ulikuwa mwekundu kutoka juu hadi chini. Kule mvua ni nyingi, huosha chokaa na chumvi na kuzipeleka mbali. Huku kwetu mvua hushuka kidogo, kisha jua huivuta tena juu, na chokaa na jasi hubaki njiani, zikajikusanya katika matabaka yao. Nilibeba udongo wa kule kichwani mwangu, nikaja kuchimba nao Lafey.

Deyr ya 2019 ilikuwa na mvua kubwa sana. Silanga ilijaa hadi ukingoni, watu wakanishukuru. Nikachomeka kijiti chenye alama majini, na asubuhi iliyofuata nikakuta maji yameshuka shubiri nzima. Siku ya pili shubiri nyingine. Jua linalovukiza milimita 2,000 na ushei kwa mwaka haliwezi kunywa shubiri kwa siku, kwani mgawo wake hata sentimita moja haufiki. Nilijua siku hiyohiyo kwamba maji yalikuwa yakienda chini. Katika wiki tatu silanga ilikuwa tope.

Hapo nikatenda kosa la pili, lililo baya kuliko la kwanza. Niliandika katika ripoti kwamba maji yaliisha kwa sababu ya joto kali na mifugo mingi. Gu ya 2020 nayo ikaja na mvua nzuri, silanga ikajaa, ikavuja vilevile, nami nikanyamaza. Kina mama walirudi kwenye safari ndefu za punda kutafuta maji, wakati mwenye kujua sababu alikuwa miongoni mwao.

Mwishowe nilimwendea yule mzee nyumbani kwake, nikamwambia ukweli wote. Hakunikaripia. Alisema, "Adeer, dhoobo iliyotoka bado imelala pale ukingoni. Irudisheni." Tukairudisha. Tuliisambaza tabaka jembamba moja baada ya jingine, tukailowesha, tukaishindilia, na mbuzi wakapitishwa juu yake. Lakini kuanzia mwisho wa 2020 hadi mwisho wa 2022 mvua zilishindwa misimu mitano mfululizo. Silanga nzima isingewavusha watu katika ukame wote huo. Ingewapa miezi kadhaa ya mwanzo, na mbuzi ambaye hakudhoofika mapema ana nafasi ya kuishi. Miezi hiyo niliipoteza mimi. Mvua kubwa za mwisho wa 2023 zilipoijaza silanga, maji yalikaa, ingawa si kama zamani.

Ndugu zangu mnaosimamia kazi kama hii, msitegemee cheti peke yake, wala ramani peke yake. Ramani ya udongo ya Kenya iliyochapishwa mwaka 1982 ni kazi kubwa, lakini kipimo chake ni 1:1,000,000, kwa hiyo sentimita moja ya karatasi ni kilomita kumi za ardhi. Silanga yako haionekani humo. Kabla ya kuita mashine, chimba kwa mkono shimo la kujaribia lipite kina unachokitaka. Tazama matabaka, ufinyange udongo wa kila tabaka kiganjani, kisha mimina maji shimoni na urudi kesho uone yamebaki kiasi gani. Kazi hiyo ni ya siku mbili na jembe moja. Na udongo ukigeuka rangi, simamisha mashine, umsikilize mzee aliyesimama ukingoni.