Vikombe vya Ulaya na Jiwe la Kijani la Kwetu

Ndugu msomaji, kabla ya kuendelea, inuka kidogo, uende kusimama mbele ya kabati ya vioo katika salon yenu. Hesabu vitu vya juu, vile ambavyo watoto wanakatazwa kugusa.

Kwetu nilihesabu hivi: kikombe cha Bruxelles chenye picha ya Atomium, ule mnara wa mipira tisa uliojengwa kwa maonyesho ya mwaka 1958. Kikombe cha Roma chenye kanisa la Mtakatifu Petro. Sahani ya Cape Town na mlima wake uliokatwa kama meza. Kengele ndogo ya Paris ambayo hailii. Hakuna mtu anayekunywa chai katika vikombe hivyo. Mtoto akinyoosha mkono, mama analia mbio: "Acha ile kopo! Njo ya yaya yako wa Bruxelles!" Siku moja nilikigeuza kikombe hicho cha Bruxelles. Chini yake imeandikwa kwamba kilitengenezwa Uchina.

Sivicheki. Kila kimoja kilibebwa na mtu aliyetukumbuka akiwa mbali, na sisi watu wa Katanga tunajua maana ya ukumbusho. Wazee wetu walitundika ukutani matablo ya wachoraji wa mtaa: gari moshi, kiwanda, mamba muntu na nywele zake ndefu. Mgeni akiingia, tablo ilianza mazungumzo.

Lakini mwaka jana mwipwa wangu alipata nafasi ya kusoma Ubelgiji. Siku chache kabla ya safari akaniuliza: "Yomba, wenzangu kule bataniuliza juu ya Lubumbashi. Nibebe nini ya kubaonyesha?" Tukafungua kabati. Tukatafuta juu, tukatafuta chini. Bruxelles iko, Roma iko. Hakuna hata kitu kimoja cha kwetu!

Mama yangu, ambaye alikuwa amekaa kimya, akasema: "Tulikuwaka na kitu. Tuliikula."

Alisema kweli. Nkambo alikuwa ametuachia msalaba wa mukuba, ule ambao Wafaransa wanauita croisette, mzito, wenye mikono minne kama herufi X. Ulikaa chini ya kitanda, umefungwa kitambaa. Mwaka 1993, wakati mishahara ilikuwa haifiki tena na falanga ya asubuhi haikuwa na nguvu mangaribi, mtu mmoja alipita mtaani akitafuta "vitu vya zamani". Aliuchukua msalaba, akaacha mfuko mmoja wa unga. Tulikula bukari majuma mawili. Mimi pia nilikula, na nilishiba.

Juu ya nini ninakuambia hii? Sababu nilikuwa kijana wakati ule na sikujua kitu kile kilikuwa nini. Nilidhani ni chuma cha nkambo, basi. Nilijifunza baadaye, katika Musée ya Lubumbashi. Kule Sanga, karibu na ziwa Kisale, wachunguzi walifungua makaburi ya zamani sana na kukuta watu wamezikwa na misalaba ya mukuba. Kadiri miaka ilivyopita misalaba hiyo ikawa midogo na ikaanza kufanana, ni kusema ilikuwa imegeuka kuwa falanga. Ilipita kutoka mkono hadi mkono: ya mahari, ya biashara, ya kulipa kosa. Mwaka 1926 mmisionari Jean-Félix de Hemptinne aliandika juu ya mafundi wetu wa kuyeyusha, akawaita "walaji wa mukuba". Na Katanga ilipojitenga, kati ya 1960 na 1963, misalaba mitatu iliwekwa katika bendera yake, na mwingine katika pesa za chuma za 1961.

Sasa sikiliza neno ambalo lilinishangaza zaidi. Mafundi wale hawakuchimba mukuba mwekundu. Walitafuta jiwe la kijani, malakiti. Wakati wa kiangazi, watu walienda kulichimba na kulichagua, wakalisafisha, kiisha wakalitia katika tanuru ya udongo wa kichuguu pamoja na makaa, na watu wa mivukuto wakapuliza usiku na mchana. Zaidi ya nusu ya uzito wa malakiti safi ni mukuba. Jiwe linaingia la kijani, linatoka jekundu. Jiwe ambalo leo wanalichonga mayai na tembo kwa wageni wa hoteli, ni lile lile lililozaa msalaba wa nkambo.

Basi tukaenda kununua malakiti, mwipwa wangu na mimi.

Ukienda nawe, usiende kama kipofu. Karibu na mahoteli ya mjini utakuta meza zimejaa: mayai, mikufu, sendriye, mamba, chess nzima ya kijani na nyeusi. Chukua kitu mkononi na ufunge macho. Jiwe la kweli ni zito kuliko unavyodhani, tena ni baridi kama maji ya mtungi. Plastiki inapata moto wa mkono wako mara moja. Kiisha fungua macho, uangalie mistari. Katika jiwe la kweli hakuna mistari miwili inayofanana. Mmoja mnene, mmoja mwembamba, inazunguka kama pete za mti uliokatwa. Kama mistari yote imepangwa sawasawa kama kitambaa cha kiwanda, weka chini. Kuna wengine wanaochanganya unga wa jiwe na gundi na kuumwaga katika forma. Huo si wizi mkubwa kama bei ni ya gundi. Ni wizi kama bei ni ya jiwe.

Kijana mmoja alituona tunapima pima, akacheka. "Baba, shika hii. Iko baridi? Njo jiwe ya kweli, ya Kolwezi. Mi siuzishake ya bongo." Alianza ku dola 40. Mimi nikasema 10. Akaomba mama yake aliyekuwa nyuma awe shahidi kwamba nataka kumuua. Tulimaliza ku 15, pamoja na karatasi ya kufungia.

Nikamuuliza nani amelichonga. Akatupeleka nyuma ya ua, kwa yaya yake.

Pale, ndugu msomaji, furaha yangu ilipungua kidogo. Kijana alikuwa amekaa mbele ya moteri inayozungusha kisu cha duara. Jiwe likikatwa, vumbi ya kijani inaruka. Nyusi zake zilikuwa za kijani. Alikuwa na ndoo ya maji ya kulowanisha, lakini maji yalikuwa yamekwisha tangu saa nne, na kitambaa cha mdomo kilining'inia shingoni. Vumbi ile ni mbaya kwa mapafu. Nilimwambia. Akajibu bila hasira: "Tunayua, baba. Lakini na kitambaa ku kinywa, jua hii, unachoka mbio." Baada ya kukata anasugua na karatasi ya kukwaruza, kwanza ile kali, kiisha ile laini, kiisha laini zaidi, kwa saa nyingi, mpaka uone uso wako. Yai moja la ukubwa wa yai la kuku linaweza kumaliza siku.

Na jiwe lenyewe linatoka wapi? Mara nyingi linatoka kwa wakrezeri, ni kusema wachimbaji wa mkono, wanaoingia katika mashimo yasiyo na miti ya kushikilia udongo. Mwezi wa sita mwaka 2019, karibu na Kolwezi, udongo uliwaangukia wachimbaji na zaidi ya 30 wakafa. Mimi nikiona yai la kijani sasa, naona pia nyusi za kijana yule. Siwezi kukuambia usinunue, maana ndilo linalowalisha. Nakuambia: kama unaweza, nunua kwa fundi mwenyewe, na usimkaze bei mpaka mwisho. Mimi niliona haya kwa ajili ya zile 15. Nilimrudishia tano.

Ukifika na jiwe nyumbani, lisafishe na kitambaa chenye maji tu. Usitumie ndimu ao siki, zinakula ule mng'ao. Tena usiliweke pahali litaanguka, malakiti ni jiwe laini, linakwaruzika na kupasuka upesi.

Mwipwa wangu alibeba yai, na kibati cha mukuba kilichogongwa na nyundo kikaonyesha shemine na ule mlima mweusi wa terril. Amenipigia simu kutoka kule. Anasema wenzake wanauliza ni nani aliyechora mistari ndani ya yai, na hawamwamini.

Mimi nilirudi kwa fundi yule. Nikaona ukutani msalaba wa mukuba, mikono minne, unang'aa. Moyo ukaruka. Nikauliza ni wa zamani? Angeweza kunidanganya, nilikuwa tayari kudanganywa. Akatikisa kichwa: "Apana, baba. Ni mupya. Niliumwaga miye, na waya za umeme za kuzeeka."

Niliununua. Sasa uko katika kabati, kati ya Bruxelles na Roma. Binti yangu mdogo aliuona, akauliza: "Baba, njo ile ya nkambo?"

Nikamwambia, apana, ile tuliiuzisha. Akakaa chini, akataka nimwambie tuliiuzisha kwa nini.