Inazimikaje?

Nilikuwa na shilingi laki tatu na nusu mfukoni, na mezani kulikuwa na tochi mbili.

Ya kwanza ilikuwa ya Mjerumani mmoja aliyemaliza likizo yake Zanzibar na hakutaka kurudi nayo kwao. Nyeusi, nene kama chupa ya soda, lumeni 3,000. Ukiiwasha ofisini kila mtu anafumba macho. Ya pili ilikuwa mpya, ndogo, lumeni 1,000, mwanga wake umenyooka kama fimbo. Mafunzo yangu ya kuongoza wazamiaji yalikuwa yamefika kwenye mizamo ya usiku, na mwalimu alikuwa amechoka kuniazima ya kwake.

Nikampigia kaka yangu, Kemambo.

Najua inachekesha. Kaka hajawahi kuiona bahari. Sisi ni watoto wa Tarime. Maji mengi tuliyoyajua ni ya Mto Mara, na mto ule una mamba, kwa hiyo hakuna aliyetuambia twende tukajifunze kuogelea. Lakini kwa habari ya tochi simjui wa kumshinda. Ameingia kwenye maduara ya wachimbaji wadogo, upande wa Nyamongo, tangu mimi nikiwa darasa la tano. Ni huko huko mgodi mkubwa wa North Mara ulikoanza uzalishaji mwaka 2002. Usiku tuliona mwanga wake angani, sisi tukiwa tunasoma kwa kibatari.

Nikamsomea namba zote: lumeni, mita, saa za betri. Akasikiliza mpaka mwisho.

"Hiyo kubwa inazimikaje?"

Sikuelewa.

"Tochi zote zinazimika, mdogo wangu. Nakuuliza inazimikaje. Inafifia kwanza au inakata tu?"

Hapo nikakumbuka. Nilikuwa kidato cha pili, msimu wa mvua, kaka akarudi nyumbani alfajiri vidole vinatoka damu. Hakusema neno. Mama alimchemshia maji, naye hakuuliza. Nilikuja kusikia baadaye, kipande kipande, kwa wenzake: maji yaliingia kwenye duara wakiwa watatu chini, na tochi ya kichwani aliyoinunua mnadani ikakata. Haikufifia. Walipanda gizani kwa kupapasa matimba, ile miti inayozuia kuta zisianguke, maji yakiwafuata magotini. Tangu siku ile hashuki bila tochi mbili. Ya pili anaifunga kwenye mfuko wa nailoni na kuiweka mfukoni. "Ya kichwani ni ya kazi," aliwahi kuniambia. "Ya mfukoni ni ya kurudi."

Wazamiaji wana kanuni hiyo hiyo, nilikuwa nimeisoma na kuijibia mtihani: usiku unabeba mbili, ndani ya pango tatu, na ya kwanza ikizimika unawasha ya akiba na mzamo unaishia hapo. Nilikuwa nimepata alama zote. Na bado nilikaa mbele ya meza ile nikiitamani ile kubwa moja.

Basi nikaanza kuuliza maswali ya kaka. Ile ya Mjerumani ilikuwa inashikilia mwanga wake wote kwa dakika 50 hivi, kisha inakata. Ile ndogo, betri ikikaribia kuisha, inakonyeza, halafu inashuka yenyewe hadi mwanga hafifu na kudumu hivyo muda mrefu. Tena kubwa ilikuwa na mwanga mpana, wa kupigia video. Hilo si kosa: maji humeza rangi nyekundu kwanza, mita chache tu chini, na ukitaka kamera ione wekundu wa tumbawe unahitaji mwanga mwingi uliotapakaa. Lakini maji yakiwa na chembechembe, mwanga mpana unakurudia usoni kama taa za gari kwenye ukungu. Mwembamba unapenya. Unaweza pia kuusemea: ukichora duara mchangani, mwenzako anajua uko salama, ukiupeleka harakaharaka huku na huku, anajua una shida.

Nikanunua ndogo. Kwa chenji nikachukua nyingine ndogo zaidi, ya plastiki, ya betri za kawaida, ambayo mtu hawezi kuipiga picha akajivunia.

Jioni ya mzamo nilifungua zote mbili, nikafuta zile pete za mpira zinazozuia maji, nikapaka grisi ya silikoni. Unywele mmoja ukilala pale unatosha kupitisha maji. Tulishuka kwenye Great Northern, meli ya Waingereza ya kutandaza kebo iliyozama karibu na Mji Mkongwe mwaka 1902. Ni mita 12 tu. Kwenye mchanga kando ya mabaki yake mwalimu alitupa ishara tubane tochi vifuani.

Giza likaja lote kwa mpigo. Wenzangu walikuwa wanapunga mikono ili waone vijidudu vya bahari viking'aa, na vilikuwa vinang'aa kweli. Mimi mkono wangu wa kushoto ulikuwa umeshafika mfukoni, umeikamata ile ya plastiki. Nilisikia pumzi yangu inakwenda mbio. Nilikuwa namuwaza mtu anayepapasa miti.

Mwaka huo nilienda nyumbani likizo. Nilishapiga hesabu ya kumnunulia kaka tochi kubwa kama ya yule Mjerumani, kisha mwalimu akanicheka: nyingi za namna ile hupozwa na maji, ukiiwasha muda mrefu hewani inachemka mkononi. Nikampelekea ile ya plastiki. Aliigeuzageuza, akauliza kama betri zake zinapatikana Tarime mjini. Nikamwambia hata kwa Mangi pale dukani zipo.

Usiku akaiwasha, akaitumbukiza kwenye ndoo ya maji, akaiacha uani.

Asubuhi nilimkuta amechuchumaa mbele ya ndoo, ameikinga jua kwa mikono ili aone ndani. Ilikuwa bado inawaka, kwa mbali, njano.

"Hii inafifia kwanza," alisema.

Akaitoa, akaifuta kwa shati, akaitia mfukoni.