Flashi ina nafasi, lakini video inakataa

UVIRA – Familia zilizokimbia Bijombo zimeshuka na kijiji chao ndani ya simu: arusi, mazishi, mzee akisimulia ukoo saa nzima. Ikifika kuhifadhi video hiyo kwenye flashi ya GB 32, flashi inakataa: faili ni kubwa mno. Watu wanasema imekufa. Haijafa.

Flashi nyingi zimepangwa kwa mfumo wa FAT32, ambao haupokei faili moja yenye kufika GB 4, hata nafasi ikiwa tele. Dawa ni kuikata video vipande, ao kuformati flashi kwa exFAT. Lakini kuformati kunafuta vyote vilivyomo, vihamishwe kwanza.

Na video isifutwe kwenye simu mpaka nakala itazamwe yote. Mzee akishazikwa, nani atamrekodi tena?