Machozi ya Dante

Tuliingia katika chumba kile cha michezo ya video, hapa Kabondo-Dianda, kwa nia ya kukemea. Wadogo zetu walichelewa katekesi kwa sababu ya Devil May Cry, na jina lenye shetani lilitutosha kuwa ushahidi.

Jenereta ilinguruma, na PlayStation 2 kuukuu ilikuwa mezani. Dante, mwindaji wa mashetani mwenye nywele nyeupe na koti jekundu, alifyeka maadui kwa upanga huku akitania kama mlevi wa arusini. Tulicheka. Kisha, tukiri, tuliomba zamu.

Tulirudi jioni kadhaa. Huo ulikuwa mchezo wa 3 wa mfululizo huo, uliotolewa na Capcom ya Japani mwaka 2005. Humo Dante anapigana na pacha wake, Vergil, anayetamani nguvu alizoziacha baba yao. Mwishoni Vergil anaukataa mkono wa ndugu yake na kuanguka shimoni. Dante analia, akisingizia mvua iliyokwisha kukatika.

Kati yetu walikuwamo wana wawili wa baba mmoja, wasioamkiana tangu matanga kwa ajili ya shamba. Hakuna aliyesema neno. Baadaye mkubwa alimpa mdogo wake manete ya kuchezea.

«Zamu yako.»