Kompyuta Isiyoiona Diski Yake



Juma hili tunaandika juu ya kompyuta ya ofisi. Waliozoea kukuta hapa tafakari ya Injili watuwie radhi. Wengi wenu mnatumia kompyuta za mezani shuleni na madukani, na lililotupata hapa Kanazi laweza kumpata yeyote. Mashine inawashwa, feni inavuma, kisha kioo cheusi kinatangaza kwa Kiingereza kwamba hakuna diski iliyoonekana.

Ndani ya diski yetu mlikuwa na orodha ya wabatizwa iliyochapwa kwa miaka kadhaa, na wachumba wawili walikuwa wakingoja hati ili ndoa yao itangazwe. Fundi wa kwanza alishauri "ipigwe Windows upya". Tulikataa. Hiyo ni dawa ya programu iliyoharibika. Mashine isiyoiona diski haina hata mahali pa kuipiga, na ikitokea diski ikaonekana kwa bahati, kazi hiyo yaweza kufuta kile hasa kinachotafutwa.

Kabla ya kushika bisibisi, chomoeni flashi zote, kwani huenda mashine inajaribu kuamkia humo. Kisha ingieni katika BIOS, programu ndogo inayokaa kwenye ubao mkuu na kuhesabu vifaa kila mashine inapowashwa. Diski ikiwa imeorodheshwa humo, tatizo huenda likawa la mipangilio au la Windows yenyewe. Isipoorodheshwa, mshukuni waya, umeme, au diski. Tazameni pia tarehe. Yetu ilidai tungali mwaka 2009: betri ya saa, ile bapa kama sarafu iitwayo CR2032, yenye volti 3, ilikuwa imekwisha. Betri hiyo ikifa, mashine nyingi husahau mipangilio yake, hata namna ya kuzungumza na diski.

Kwetu diski haikuorodheshwa, lakini kisomeo cha CD kilionekana. Hili lilitupa moyo. Vifaa vyote viwili vingetoweka kwa pamoja, tungeshuku kigawa umeme au ubao, maana ni nadra viwili kufa siku moja. Tulichomoa waya ukutani, tukagusa chuma cha kasha ili kuondoa umeme tuli mwilini, tukafungua. Vumbi jekundu la Ngara lilikuwa limelala humo kama unga wa mtama! Diski za SATA, zilizoanza kuenea mwaka 2003, zina waya mbili: mwembamba wa data wenye miguso 7, na mpana wa umeme wenye miguso 15. Tulihamishia kwenye diski waya wa data wa kile kisomeo cha CD, na diski ikaonekana. Kabla ya jambo lingine lolote tulinakili orodha yote.

Diski inayogonga tiki-tiki bila kukoma ni habari nyingine. Izimeni mara moja, wala msimruhusu mtu kuifungua kwa bisibisi. Kichwa chake cha kusomea huelea juu ya sahani kwa nafasi ndogo kuliko chembe ya vumbi.

Wachumba wale, hata hivyo, hawakuingoja mashine. Kanoni 535 ya Sheria ya Kanisa ya mwaka 1983 inaidai kila parokia iwe na vitabu vya wabatizwa, vya ndoa na vya marehemu, na hati zao zilitoka katika kitabu kilichoandikwa kwa mkono. Katekista alifunua kurasa nusu siku nzima. Kompyuta ingemaliza kwa dakika moja, lakini kitabu hakikuhitaji umeme.

Wako wasio na kitabu wala mashine. Mwishoni mwa Aprili 1994 watu wapatao robo milioni walivuka daraja la Rusumo kuingia wilayani kwetu kwa muda wa siku moja hivi, wakiwa na kile tu walichoweza kubeba. Kwa hali kama hiyo Kanoni 876, pasipo kumdhuru mtu, inaridhika na tamko la shahidi mmoja asiyetiliwa shaka, au kiapo cha mbatizwa mwenyewe ikiwa alibatizwa akiwa mtu mzima. Basi, ambaye jina lake halikupatikana kitabuni na aje ofisini pamoja na msimamizi wake wa ubatizo, au mzee yeyote aliyekuwapo siku ile.