Shehena na Mabega

Mzigo mzito mpe Mnyamwezi, husema Waswahili tangu zamani. Methali hiyo yalisifu bega, wala haitaji hesabu iliyolitangulia. Katika karne ya 19, misafara iliyotoka Bagamoyo kwenda Tabora na Ujiji haikubebwa ovyo. Nguo, shanga na waya viligawanywa kwanza, vikafungwa mitumba iliyokaribiana uzito, frasila mbili hivi, yaani kilo 30 na ushei. Mpagazi akiugua njiani, mtumba wake ulihamia bega jingine, nayo shehena ikabaki ya mwenyewe yule yule.

Hesabu hiyo imerejea ndani ya kompyuta. Mfumo wa Linux una programu iitwayo LVM, iliyoanza kuandikwa na Heinz Mauelshagen mwaka 1998. Mtunza nyaraka huketi mbele ya kioo cheusi akaandika amri moja baada ya nyingine. Kwa pvcreate, diski huandikishwa kazi. Kwa vgcreate, diski kadhaa huwa kundi moja. Kwa lvcreate, hukatwa humo sehemu yenye jina lake, ambayo yaweza kulala juu ya diski mbili au tatu pasi na mtumiaji kuhisi. Chini ya yote mna vipande vya ukubwa mmoja, kwa kawaida megabaiti 4 kila kimoja.

Mfasiri anayetegemea kamusi pekee ataiita sehemu hiyo juzuu, na msomaji ataitafuta kwenye rafu ya vitabu. Kumbe njia ya Tabora ilikwisha kuacha msamiati wake: diski ni mpagazi, kipande ni mtumba, kundi ni msafara, na sehemu yenye jina ni shehena. Shehena ikibanwa, lvextend huiongezea mitumba, kisha mfumo wa mafaili nao hutanuliwa uijaze. Diski ikianza kuchoka, pvmove huihamisha mitumba yake kwenye diski nyingine ilhali kazi inaendelea. Hatari imo katika kupunguza: mfumo wa mafaili hutangulia kupunguzwa, shehena hufuata. Anayeupindua utaratibu huo huyakata maandishi yenyewe.

Hata hivyo, mfano huu una mpaka. Mpagazi aliyetoroka aliondoka na mtumba mmoja. Diski inayokufa ghafla yaweza kuivuruga shehena nzima iliyotandazwa juu yake, kwani LVM haiweki nakala ya pili isipoamriwa. Livingstone alipofika Ujiji Oktoba 1871, alikuta bidhaa alizopelekewa zimekwisha kuuzwa. Kilichomtoa katika dhiki ni shehena nyingine, iliyokuja na Stanley kwa msafara mwingine.

Miswada ya mashairi inayopigwa picha leo ili isiliwe na mchwa imekabidhiwa wapagazi wasioonekana. Ghala linalotanuka huondoa udhia wa nafasi. Haliondoi wajibu wa kuweka nakala katika nyumba nyingine. Msafara, ujapokuwa na mabega mengi, hupita njia moja.