Farasi wa Jimnastiki na Sheria ya Sare

Leo tuweke programu kando kidogo, tuzungumzie farasi. Si wa kupanda, bali yule wa jimnastiki ya wanaume: urefu mita 1.6, vishikio viwili mgongoni. Mchezaji huzungusha miguu juu yake akitegemea mikono tu.

Kilichonivuta ni alama zake. Tangu 2006 zina mafungu mawili: ugumu wa miondoko, na usafi, unaoanzia 10 na kukatwa kwa kila kosa. Ukianguka, pointi nzima imekwenda.

Fainali ya Olimpiki, London 2012. Louis Smith wa Uingereza: 7.0 + 9.066. Krisztián Berki wa Hungaria: 6.9 + 9.166. Jumlisha mwenyewe. Wote 16.066! Sheria ya sare ikatazama usafi, dhahabu ikaenda kwa Berki. Kwetu waandishi wa programu, huo ni mstari mmoja tu wa kupanga orodha, lakini umebeba medali ya mtu.

Naipenda sheria hiyo, ingawa inanigusa. Mteja wangu anataka ripoti tatu mpya kabla mfumo wa sacco yake haujaanza kazi mwezi ujao. Ripoti ndizo ugumu: zinang'aa. Riba iliyo sahihi hadi senti ndiyo usafi, na hakuna anayeipigia makofi. Muda hautoshi yote mawili. Nimemwambia ripoti zisubiri, na huenda akatafuta mtu mwingine. Sawa tu. Hapa hesabu ikiteleza, anayeanguka ni mwenye akiba.

Nyinyi mngechagua lipi?